Siku Nilipoosha Mbeta za Bibi

"Usiioshe!"

Nilipiga kelele mpaka jirani wa upande wa pili wa ukuta akauliza kama kuna usalama. Nilikuwa ndiyo kwanza naingia jikoni kwangu hapa Kihesa, natoka kazini, mkoba ungali begani. Binti yangu wa miaka tisa alikuwa amesimama kwenye sinki, povu la sabuni ya limau limemfika viwikoni, na mkononi ameshika mbeta ya bibi yangu. Nilikuwa nimechelewa. Alikuwa ameshaiosha, tena si kuosha kwa kupitisha maji. Alikuwa ameisugua ndani kwa brashi ya chupa za chai, akaisuuza kwa maji ya moto, na sasa alikuwa anaikung'uta. Akanitazama kwa uso wa mtu anayengoja kupewa pongezi.

"Mama, ilikuwa inanuka," akasema. "Nilitaka kukufanyia sapraizi."

Kama wewe msomaji wangu hukulelewa upande wetu wa Iringa, labda hujui mbeta ni nini. Ni pingili moja ya mwanzi mnene, chini imezibwa na fundo lake lenyewe, juu imeachwa wazi na kutiwa kamba ya kuning'inizia. Ndiyo inayotundikwa kwenye mlanzi, mwanzi wetu wa pombe, ili kukinga ulanzi unaodondoka. Hiyo yangu ilikuwa imening'inia ukutani kwa miaka mingi. Haikuwa na kazi yoyote isipokuwa moja: nikichoka na mji, niliishusha, nikaingiza pua ndani, na harufu ile ya uchachu ikanirudisha milimani. Sasa ilikuwa inanuka limau.

Nilitaka kugomba. Mdomo ulishafunguka, maneno yalishajipanga. Lakini ule uso wa binti yangu, ule uso wa kungoja pongezi, nilikuwa nauona kwa mara ya pili katika maisha yangu, na mara ya kwanza uso ulikuwa wangu. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Mtoto akaogopa. Ikabidi nimsimulie, na wewe nakusimulia kama nilivyomsimulia yeye.

Bibi yangu alikaa juu kabisa, kwenye milima ya Kilolo, kijiji ambacho gari lilikuwa linaishia chini ya mlima na wewe unaanza miguu. Ukungu wa kule si wa kusimuliwa. Ulikuwa unaingia ndani ya nyumba kama mtu wa familia, haupigi hodi. Asubuhi ya mwezi wa tatu ungeweza kumsikia mtu anakohoa njiani, ukamwamkia, akakuitikia, na msionane mpaka mkutane kesho yake kisimani. Nilipelekwa huko nikiwa na miaka minane. Babu alikuwa amefariki, wazazi wangu walikuwa Chimala wanahangaika na mpunga, na wakaona si vizuri Bibi abaki peke yake na paka. Nililia njia nzima kupanda mlima. Baada ya wiki moja Chimala nilikuwa nimeisahau, joto lake na mbu wake.

Kilichonisahaulisha, sitaficha, ni tumbo. Bibi alikuwa anafukia viazi mviringo kwenye majivu ya moto tangu alfajiri, navyo vinaiva polepole tukiwa tunatafuta kuni. Kulikuwa na njegere mbichi zilizopikwa na maganda yake, tunazivuta kwa meno. Kulikuwa na uyoga baada ya mvua, na kumbikumbi wakitoka tuliwakimbiza kama wendawazimu. Lakini mfalme wa vyote alikuwa ulanzi wa asubuhi.

Msimu wa mvua, milanzi inapochipua, chipukizi linakatwa kichwa na linaanza kutoa maji. Asubuhi na jioni unakwenda na kisu chenye makali, unakata kipande chembamba kama karatasi ili kidonda kiwe kipya, unatundika mbeta, unafunika na jani ili nyuki wasizame. Hiyo ndiyo kugema. Yanayodondoka usiku, ukiyanywa asubuhi, ni matamu na ya baridi, na povu lake linabaki juu ya mdomo. Huo tunauita mtogwa, na hata mtoto anapewa. Ukiuacha siku mbili unachachuka, unakuwa mkali, unaitwa mkangafu, na huo ndio wanaume waliufuata kwa miguu kutoka vijiji vitatu. Bibi alikuwa na vichaka vinne vya milanzi nyuma ya nyumba, alivyoachiwa na Babu. Alinifundisha kugema mwenyewe, na kila nilipokata kipande kinene alinipiga kikofi mgongoni. "Mlanzi haukatwi kwa hasira," alisema. "Ukiumaliza leo, kesho utakunywa umande."

Kanisani alikuwa Mlutheri wa kweli, Jumapili hakosi, lakini alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Wenyewe waliliita benchi la ulanzi. Huko mbele walikaa wanakwaya, na kwaya ile ilikuwa na amri yake: mwanakwaya haonekani penye pombe. Kwa hiyo hawakuwa wanakwenda hata kwenye mgowe.

Mgowe ndiyo ilikuwa benki yetu, trekta letu na bima yetu. Ukiwa na shamba linalokushinda, unapita nyumba kwa nyumba kutangaza siku. Siku hiyo watu wanakuja na majembe yao wanakulimia, nawe unawapa chakula na ulanzi uliokomaa. Hakuna anayelipwa. Lakini pasipo ulanzi mkali hakuna mgowe, hilo kila mtu alilijua, na hakuna aliyeona aibu kulisema.

Sasa mwaka ule ninaousimulia, Bibi alikuwa na jambo zito. Baba mkubwa, yule kaka yake baba, alikuwa Makongolosi kwenye dhahabu. Ndiye mtoto wa kwanza, na neno lake lilikuwa neno. Alileta ujumbe kwamba atakuja Jumapili fulani kuangalia. Akikuta shamba la mlimani, lile ambalo Babu alilima ngano na njegere, bado ni nyasi, basi atajua mama yake ameshindwa maisha ya peke yake. Atamfungia mizigo aende naye Makongolosi, na shamba apewe mtu mwingine. Hakuwa mtu mbaya, naomba usimchukie. Alikuwa anamhofia mama yake. Lakini Bibi alikuwa amekwenda Makongolosi mara moja, na alirudi akisimulia vumbi na joto kama mtu aliyetoka kifungoni. "Kule hata jogoo anawika kwa kiu," alisema. Na kaburi la Babu lilikuwa juu ya shamba, mahali ambapo alikuwa analiona akiwa amekaa mlangoni kwake. Hakutaka kwenda. Alilisema mara moja tu, akimenya viazi, bila kuniangalia: "Mimi nikishushwa huu mlima, sitakaa mwaka." Nilikuwa mtoto lakini nilielewa, na niliogopa sana.

Akatangaza mgowe Jumamosi, siku moja kabla ya baba mkubwa kufika. Watu wakakubali. Kisha Jumatano ikaja taarifa ya msiba wa ndugu yake ng'ambo ya bonde, na msiba hausubiri. Aliniachia kisu cha kugemea, mbeta kumi na nne, na chungu kikubwa cha kukusanyia. Akanihamishia kwa jirani, mzee mmoja mcheshi aliyekuwa na jembe refu kuliko yeye, mlimaji hodari na mnywaji hodari zaidi. "Gema vizuri," Bibi akaniambia. "Mimina kwenye chungu, funika. Kingine chochote usiguse."

Kama ningesikia hayo maneno ya mwisho, leo nisingekuwa na la kukusimulia.

Alhamisi shuleni Mwalimu wetu wa darasa la tatu alifundisha usafi. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya pia, mwanamke mrefu, sauti yake ilikuwa inafika kijiji cha pili. Alikagua kucha, akakagua nyuma ya masikio, halafu akasema neno ambalo nililibeba mpaka nyumbani kama yai: "Chombo kinachonuka ni chombo kichafu. Kioshwe kwa maji ya moto na majivu mpaka harufu iishe."

Nikawaza, ni vyombo gani kwetu vinanuka? Jibu lilikuwa linaning'inia nyuma ya nyumba, kumi na nne kwa hesabu. Nikaingiza pua kwenye chungu kikubwa nikakuta chini kuna utope mzito wa kijivu, mchachu, wa tangu enzi za Babu. Niliona aibu kwa niaba ya bibi yangu. Watu wote wale wanakuja Jumamosi, wataona uchafu huu! Nikachemsha maji masufuria matatu. Nikaumwaga ule utope bondeni, pamoja na ulanzi kidogo wa Jumatano. Nikasugua chungu kwa majivu na majani makavu, nikasugua mbeta moja moja kwa kijiti nilichokizungushia kitambaa, nikazianika juu ya ua zikawa nyeupe ndani. Mikono ilichubuka. Kisha nikazirudisha kwenye milanzi, nikagema kwa adabu zote, jioni na asubuhi, vipande vyembamba kama karatasi. Ukungu ulikuwa mzito siku hizo na baridi ilikuwa kali, lakini milanzi ilitoa vizuri. Mpaka Ijumaa mchana chungu kilikuwa kinakaribia kujaa.

Bibi alirudi Ijumaa hiyo hiyo, miguu imejaa matope. Hata hakukaa. Alichukua kata, akachota, akaonja. Akaonja tena. Akainama akanusa ndani ya chungu, halafu akanigeukia.

"Nani kaosha chungu?"

"Mimi, Bibi!" Nikavuta pumzi nipate kusema vizuri. "Na mbeta zote. Kwa maji ya moto."

Ndiyo pale nilipokuwa na ule uso. Nilikuwa nangoja pongezi.

Bibi akakaa chini taratibu, kwenye kizingiti. Utope ule wa chini ndio uliokuwa unachachusha ulanzi. Mbeta zile chachu zilikuwa na kazi hiyo hiyo, ulanzi unaanza kukomaa tangu unapodondoka. Mimi nilikuwa nimeiosha pombe yenyewe. Ndani ya chungu mlikuwa na mtogwa mtupu, mtamu, wa kunyonyesha watoto, na kwa baridi ile usingekomaa mpaka Jumapili au Jumatatu. Hakunipiga. Hakunigombeza hata. Alisema tu, "Maji yakimwagika hayazoleki," akavuta kikapu cha viazi akaanza kumenya vya kesho. Heri angenipiga.

Jirani alipopita kumpa pole ya msiba, nikamsikia Bibi anamwomba kama ana mkangafu wa kuazima. Yule mzee alijikuna kichwa. "Mama, ningekuwa nao. Lakini nilikuwa najiandaa na mgowe wako, nimeunywa wote." Na kwingine kote, baridi ilikuwa imeufanya ulanzi uwe haba wiki hiyo. Bibi akasema polepole, "Basi kesho watageukia mlangoni. Na Jumapili mwanangu atanikuta na nyasi zangu."

Nilitoka mbio. Sikujua nakwenda wapi mpaka nilipojikuta nagonga mlango wa Mwalimu.

Alikuwa anapiga pasi joho la kwaya, pasi ya mkaa inafuka moshi. Sikumwamkia, fikiria, mtoto wa Kihehe hamwamkii mwalimu wake. Nilianza kulia na kumlaumu papo hapo. Nikamwambia yeye ndiye aliyesema, kwamba chombo kinachonuka ni kichafu, na sasa Bibi atapelekwa Makongolosi atakufa na kosa ni la kwake. Mwalimu akaweka pasi pembeni.

"Mimi nilisema vyombo vya kulia, mama."

"Kwani chungu siyo chombo?"

Akanivutia kigoda nikae. Nikamweleza yote, ya baba mkubwa, ya shamba, ya utope uliomwagwa. Nilipofika kwenye utope akaziba mdomo kwa mkono na mabega yakaanza kumtikisika, akajikaza. Halafu akauliza jambo nisilolitegemea.

"Huo ulanzi sasa, ni mtogwa kabisa? Hauna ukali hata kidogo?"

"Hauna, Mwalimu. Hata mtoto mchanga anakunywa."

Akachukua joho akalikunja bila kumaliza kulipiga pasi. "Nenda nyumbani ukalale," akasema. "Mwambie bibi yako aongeze viazi."

Asubuhi ya Jumamosi ukungu ulikuwa umelala shambani. Wanaume walianza kufika, mmoja mmoja, majembe begani, wanasalimiana "kamwene, kamwene" kwa uchangamfu wa watu wanaojua kinachowangoja. Jirani kama kawaida alikuwa wa kwanza kupewa kata, aonje kwa niaba ya wenzake. Alikuwa anajua, lakini nadhani alitumaini muujiza wa usiku. Akanywa. Uso wake ulikunjamana taratibu kama mtu aliyepewa uji badala ya nyama.

"Wanyalukolo, ndugu zangu," akawatangazia wenzake, "leo tumeitwa kunyonya."

Wakacheka, kisha wakaonja, kisha hawakucheka. Bibi alisimama mbele yao, akawaambia ukweli bila kunitaja, akasema viazi vipo, njegere zipo, ulanzi umechelewa. Watu wakaangalia chini. Mmoja akasema ana mbuzi wake amemwacha bila kufunga. Mwingine akalirudisha jembe begani. Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango nikiuma kanga ya Bibi.

Ndipo tukasikia kuimba. Kulitoka chini, ndani ya ukungu, hatuoni mtu, tunasikia sauti tu, ya kwanza mpaka ya nne, kila moja mahali pake. Wimbo wa mavuno wa kanisani, unapanda mlima. Kisha ukungu ukatoa buti za mpira, kitenge kilichokazwa kiunoni, jembe begani: Mwalimu. Na nyuma yake kwaya nzima, wanawake kwa wanaume, watu zaidi ya ishirini, pamoja na mzee wa kanisa aliyekuwa hajawahi kukanyaga kwenye mgowe tangu nizaliwe.

Jirani ndiye aliyepata sauti kwanza. "Mwalimu, mmepotea njia? Kanisa liko kule chini."

"Hatujapotea," Mwalimu akajibu. "Miaka yote mnatulimia peke yenu mama zetu wajane, sisi tunapita mbali kwa sababu ya pombe zenu. Leo nimesikia kuna mgowe ambao mtu anakunywa leo na kesho anapokea chakula cha Bwana. Tukasema huu hautupiti."

Bibi alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka vile tangu nije kukaa naye, kicheko cha kushika mbavu. Wakacheka wote. Yule mwenye mbuzi akasema mbuzi wake ana akili, hawezi kwenda mbali. Lile jembe lililokuwa limerudi begani likashuka. Aibu nayo ni kitu: mwanaume gani atageuza mgongo, sauti ya kwanza ya kwaya ikiwa inalima?

Wakapanga mistari, wanywaji chini, kwaya ubavuni, wakaanza kushindana kufika kwenye kaburi la Babu. Sijawahi kuona kazi ya furaha kama ile. Kwaya inaimba na majembe yanashuka kwa pamoja, udongo mweusi unageuka, nyasi zinalala chali. Wanaume wakajibu kwa nyimbo zao za Kihehe, halafu nyimbo zikaanza kuingiliana. Mpaka saa sita jirani, mtu ambaye kanisani alikwenda kwa misiba tu, alikuwa anaimba sauti ya nne kwa macho yaliyofumbwa, na kwa haki ya Mungu aliiweza. Mimi nilikuwa napita na mbeta zangu nyeupe, nawapa mtogwa mstari kwa mstari, na watoto wa kijiji wananifuata na vikombe kwa sababu hakuna aliyewakataza. Mwalimu alipopokea kata alinusa kwanza. Akanywa yote. Akabaki ameishika.

"Nilikulia kwenye huu," akasema, kama anaongea na mtu mwingine. "Baba yangu alikuwa mgema. Tangu nijiunge na kwaya sijaugusa." Akanirudishia kata. "Niongeze."

Alikunywa kata tatu, nilizihesabu.

Mpaka mvua ya alasiri inaanza kunong'ona upande wa pili wa mlima, hapakuwa na unyasi uliosimama. Tulikula viazi na njegere kwenye majani ya migomba, mzee wa kanisa amekaa bega kwa bega na mwenye mbuzi. Jua lilikuwa limepiga chungu kwa masaa mawili hivi, na jirani, ambaye sikio lake lilikuwa zuri kwa mambo hayo, akakiinamia. "Wanyalukolo!" akasema. "Unaanza kuongea!" Kweli, mapovu madogo yalikuwa yanapanda. Mwalimu akasimama pale pale akapiga makofi mawili kama darasani. "Wanakwaya, nyumbani." Wakashuka wanaimba, na wanaume wakabaki kukisikiliza chungu kwa subira kubwa.

Baba mkubwa alifika kesho yake mchana, kiroba kikubwa kitupu kwapani, cha kufungia vitu vya Bibi. Hakuingia ndani. Alipanda moja kwa moja mpaka shambani, akasimama, akatembea kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akachuchumaa akavunja bonge la udongo kwa vidole.

"Nani kakulimia, mama?"

"Watu," Bibi akasema.

"Wote hawa ulikuwa na ulanzi wa kuwatosha?"

"Nilikuwa na mjukuu."

Akanitazama, hakuelewa, na Bibi hakumwelewesha. Akakaa siku mbili, akapanda naye ngano, akala viazi kama mtu aliyeshinda njaa. Asubuhi ya kuondoka akasema, "Basi, mama. Kaa kwako." Mimi nilikuwa nachota maji, nikaangusha ndoo. Kile kiroba Bibi alikijaza viazi na njegere mpaka mdomoni, na baba mkubwa akashuka nacho mlima akiwa amepinda mgongo, kwenda kuwalisha wachimbaji wa Makongolosi.

Tangu mwaka ule Bibi alikuwa na vyungu viwili kila mgowe. Kimoja hakiguswi na maji, utope wake unalindwa. Kingine kinaoshwa kwa maji ya moto na majivu, pamoja na mbeta saba, na kazi hiyo ilikuwa yangu mpaka nilipomaliza shule. Kijiji kizima kilikijua kwa jina: chungu cha kwaya. Hakuna siku Bibi alinikumbusha kosa langu. Ila nilipokuwa nasugua alipita nyuma yangu akaniambia, "Sugua vizuri, wasije wakaimba vibaya."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na hakushushwa mlima. Amelala juu ya shamba, ubavuni mwa Babu. Shamba lenyewe leo ni la misonobari, mistari imenyooka, mbao za kesho. Vichaka vya milanzi vimekatwa kupisha maparachichi. Gari sasa linafika mpaka mlangoni, simu inashika mtandao ukisimama karibu na kaburi, na mtu akitaka kulimiwa anaita vijana, wanataja bei, wanalima, wanaondoka. Wanalima vizuri tu, sina neno. Lakini hakuna anayeimba sauti ya nne. Jirani hayupo, Mwalimu alistaafu akahamia kwa watoto wake. Mgowe ukiutaja mbele ya vijana wanadhani ni jina la mtu. Naumia, kwa nini nikudanganye? Ndiyo maana ile mbeta ilikaa ukutani, na ndiyo maana nilipiga kelele vile.

Binti yangu alinisikiliza mpaka mwisho, povu limeshamkaukia mikononi. Kisha akauliza, "Kwa hiyo harufu ya bibi yako nimeimaliza?"

Ulikuwa mwezi wa tatu, milanzi inatoa. Jumamosi nikampakia kwenye gari na ile mbeta inayonuka limau, tukapanda. Mtoto wa yule jirani bado ana kichaka kimoja cha milanzi nyuma ya zizi. Alituchekea, lakini alikata chipukizi kipande chembamba kama karatasi, akatundika mbeta yetu, akafunika na jani. Tukalala kwake. Alfajiri tulitoka, ukungu umetufunika, binti yangu amejikunyata ndani ya shuka langu, akaishusha mwenyewe kwa mikono miwili.

Akanywa kwanza yeye, akanipa. Ulikuwa mtogwa mtupu, mtamu, wa baridi. Mbeta yenye uchachu wake isingeutoa hivyo. Ulikuwa ule ule wa Jumamosi ya mgowe, na mimi nilikuwa sijauonja tangu nikiwa msichana mwenye mikono iliyochubuka kwa majivu. Nilisimama pale nikalia na kucheka, na binti yangu ana povu juu ya mdomo.

Tulipoimaliza aliinusa, akakunja pua kidogo, akaangalia kisima kilipo.

"Niisuuze, Mama?"

Nikaichukua mkononi mwake, nikaifunga kamba vizuri, nikamvalisha begani.

"Iache hivyo hivyo," nikamwambia. "Sasa ni yako."